Hewa ya Kimo cha Pua

Kabla jua halijachomoza juu ya mabati ya Donholm, na kabla wakubwa wa mji hawajaanza kutafuta funguo za magari yao, barabara ya Jogoo jijini Nairobi huwa imekwisha kupata wasafiri wake wa mapema: walinzi waendao kupokea zamu na walinzi waliokwisha kuikabidhi, vibarua wa Industrial Area, wachukuzi wa mikate waliofunga makreti marefu nyuma ya viti, maseremala waliokingamisha misumeno migongoni, kila mmoja juu ya baisikeli ya chuma kizito, aghalabu ile ambayo wenyeji wameipa jina la Black Mamba, akikanyaga pole pole ukingoni mwa lami, pale ambapo lami yenyewe humong'onyoka na kuingia mferejini. Hawana undugu na wale vijana wa nguo za kubana wapandao baisikeli za mashindano kuelekea Karen na Ngong siku za Jumapili. Hawa wamepanda baisikeli kwa kuwa nauli ya matatu, ikihesabiwa ya kwenda na ya kurudi na kuzidishwa kwa siku za mwezi, hula sehemu ya mshahara ambayo watoto hawakutoa idhini iliwe. Tena ni wachache. Katika mji ambao watu wapatao wanne katika kila kumi huenda safari zao kwa miguu, na wengi wa waliosalia hupanda matatu, waendesha baisikeli ni fungu dogo mno, na kwa uchache wao husahauliwa upesi na wale wanaochora barabara.

Mengi yangeweza kuandikwa juu yao, ila leo nataka kusema juu ya hewa waivutayo, na juu ya hisabu wanayoipiga vichwani mwao wanapoipima hatari ya hewa hiyo pamoja na hatari nyinginezo za njiani. Hisabu ambayo wataalamu wengi huiita ujinga, nami, kadiri nilivyoitafakari, sikuona ujinga wowote ndani yake.

Mwezi wa Julai mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliwatuma wasaidizi mjini wakiwa wamebeba vipimo vya hewa ndani ya mikoba ya mgongoni, wapime zile chembe ambazo upana wake haufiki hata mikrometa 2.5, yaani chembe ambazo zikipangwa safu moja zitahitajika zaidi ya ishirini ndipo ziufikie upana wa unywele mmoja wa binadamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mashambani, mbali na magari, walipata mikrogramu 10.7 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kando ya barabara katikati ya mji, mahali wapitapo waendao kwa miguu, walipata 98.1. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa mwaka mzima usizidi 5, na wastani wa saa ishirini na nne usizidi 15. Msomaji mwangalifu atasema kwamba kipimo cha saa za mchana hakilinganishwi hivi hivi na kipimo cha mwaka, kwa kuwa usiku magari hupungua na hewa hupata nafuu, naye atakuwa amesema haki. Walakini mpanda baisikeli haishi barabarani kwa wastani wa mwaka, bali huishi humo katika zile saa hasa ambazo matatu zote zimetoka na malori yote yamewashwa.

Katika uchunguzi huo huo liko jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote. Kwenye njia panda moja kubwa ya Nairobi, kipimo kilichokuwa kando ya barabara kilionyesha 128.7, na kile kilichokuwa mita mia moja kutoka hapo, upande unakoelekea upepo, kilionyesha 18.7. Mita mia moja, hata kwa baisikeli nzito yenye mzigo, mtu huzimaliza kabla hajahesabu hadi arubaini. Maana yake ni kwamba ile tunayoiita hewa ya Nairobi, kana kwamba ni blanketi moja lililotandazwa juu ya mji wote, haipo. Ipo hewa ya barabara kuu na ipo hewa ya uchochoro wa pili, na baina ya hizo mbili pana tofauti kubwa kuliko ile iliyopo baina ya miji mingi na miji mingine.

Na hewa ya mahali ni nusu tu ya habari, kwani nusu ya pili ni pumzi. Mwaka 2010 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kuwapima watu wale wale, mara wakiwa wameketi ndani ya gari na mara wakiendesha baisikeli kwenye njia zile zile, katika miji ya Brussels, Louvain-la-Neuve na Mol, wakaona kwamba hewa iingiayo kifuani mwa mwendesha baisikeli kwa dakika moja ni mara 4.3 ya ile iingiayo kifuani mwa abiria wa gari. Wale walikuwa Wabelgiji, katika nchi ya tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari, juu ya baisikeli nyepesi. Nairobi imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mchukuzi wa mikate apandaye kutoka mtoni na kreti lake hupumua kwa kinywa kilicho wazi, akiikwepa pua ambayo Mwenyezi Mungu aliiweka iwe chujio. Aliye ndani ya gari naye asijipongeze kwa kufunga madirisha, maana tundu livutalo hewa ya gari lake limeelekea bomba la moshi la gari lililo mbele, na vipimo vingi vimeonyesha kwamba hewa ya ndani ya magari yaliyokwama njiani huwa chafu kuliko ile aipatayo mwendesha baisikeli apitaye kando yake. Linalomwokoa mwenye gari ni kuwa ameketi, naye huivuta hewa hiyo kidogo kidogo.

Basi tazama sasa mlinzi afikapo langoni mwa kiwanda. Huiegemeza baisikeli ukutani, huvua kofia, hutoa kitambaa mfukoni, hupangusa paji la uso, kisha mashavu, kisha hupenga pua, na kabla ya kukikunja hukifungua na kukitazama. Kimekuwa cheusi, na pembeni pana wekundu wa udongo. Hukikunja, hukirudisha mfukoni, na katika tendo hilo dogo huwa amemaliza uchunguzi wake wa hewa kwa siku hiyo: uchafu ameuona, ameutoa, ameuweka mfukoni. Lakini kilichobaki kwenye kitambaa ndicho kilichoshindwa kuingia. Mavumbi mazito ya barabara, yanayowasha macho na kumpigisha mtu chafya, mengi hunaswa puani na kooni. Zile chembe za masizi ya dizeli zilizo ndogo kuliko macho yawezavyo kuziona moja moja hupita bila kubisha hodi hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huvuka na kuingia katika damu, ndiyo sababu hesabu ya vifo vya hewa chafu imejaa maradhi ya moyo na kiharusi, maradhi ambayo hakuna mgonjwa wala jirani wa mgonjwa ayahusishaye na moshi wa matatu. Hisi zetu, kwa jambo hili, ni mashahidi wabaya: hupiga kelele juu ya kile kisichodhuru sana na hunyamaza juu ya kile kinachodhuru. Na pua ina udhaifu mwingine, kwamba baada ya muda huzoea. Mtu wa kwanza kunusa dizeli kwenye kituo cha mabasi ni yule aliyefika sasa hivi kutoka shamba.

Muulize mlinzi huyo, au fundi yeyote wa baisikeli wa karibu na City Stadium, kama anauogopa moshi, na kwa maneno haya au mengineyo utaambiwa kwamba moshi huja kudai baadaye, ilhali lori halikopeshi. Hapo ndipo wataalamu hukunja nyuso. Lakini hebu tuipime hisabu hiyo kwa insafu. Mtu anayekanyaga baisikeli kwenye ukingo wa lami, huku matatu ikikata mbele yake kushusha abiria na lori la saruji likimpumulia kisogoni, ana akili moja na macho mawili, na akiyagawa macho hayo baina ya mauti ya dakika hii na mauti ya miaka ishirini ijayo, huenda asiifikie hiyo miaka ishirini. Ameweka mbele kilicho mbele. Huo hauwezi kuitwa upungufu wa elimu.

Wanachuoni wameliandika jambo hili kwa marefu. Mwaka 1969 Mmarekani Chauncey Starr alitoa hoja kwamba watu huzikubali hatari walizozichagua wenyewe hata zikiwa kubwa mara 1,000 hivi kuliko zile walizobandikwa na wengine. Na mwaka 1987 Paul Slovic, naye Mmarekani, akaeleza kuwa hofu ya mtu haifuati hesabu ya vifo, bali hufuata mambo mawili makubwa: kadiri hatari inavyotisha, na kadiri isivyojulikana. Mtambo wa nyuklia una yote mawili, kwa hiyo huogopwa hata na aliye mbali nao. Moshi wa njiani hauna hata moja: umezoeleka tangu utotoni, unaua polepole, unaua kwa jina la ugonjwa mwingine, na haujawahi kuandikwa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti kwamba umemgonga mtu. Kwa kanuni za Slovic, basi, ingekuwa ajabu lau mlinzi wetu angeuogopa. Kwa kanuni ya Starr, hata hivyo, mambo hugeuka, kwani lazima tuulize ni nani aliyechagua. Kijana wa Karen amechagua. Anaweza kubaki nyumbani Jumapili hiyo, au kuondoka alfajiri, au kuipakia baisikeli yake juu ya gari na kwenda kuishushia msituni. Mlinzi wa Kayole, ambaye kazi yake iko zaidi ya kilomita kumi kutoka kitandani mwake, alipandishwa baisikeli na nauli.

Nairobi yenyewe imewahi kuulizwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 juu ya wakazi wa Korogocho, kitongoji kilicho jirani ya jaa kuu la Dandora, na wa Viwandani, kilichobanana na viwanda, ulionyesha kuwa watu wa Viwandani waliiona hewa yao kuwa chafu zaidi kuliko walivyoiona ya kwao watu wa Korogocho, na kwamba katika mitaa yote miwili waliotaja uchafu wa hewa utokao ndani ya nyumba, yaani wa jiko la mkaa na taa ya mafuta, hawakufika mtu mmoja katika kila watano. Bomba refu la kiwanda huonekana na kila mtu. Jiko la mama halitazamwi kama bomba. Nadhani ndivyo ilivyo kwa barabara pia. Mpanda baisikeli huhesabu kuwa hatari lile lori moja litoalo moshi mweusi kama sufuria iliyoungua, hulilaani na kuziba pua hadi lipite, kisha huiachia pua yake katikati ya magari mia ambayo moshi wao hauna rangi.

Swali lifuatalo, ambalo wasomaji wengi wa gazeti hili watakuwa wamekwisha kuliuliza, ni kama basi ingekuwa heri mtu aiache baisikeli. Ulaya walilijibu zamani. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walipiga hesabu ya mtu aachaye gari na kushika baisikeli kwa safari fupi za kila siku, wakaona kwamba mazoezi humwongezea umri wa miezi 3 hadi 14, ilhali hewa chafu humpunguzia siku 0.8 hadi 40, na ajali humpunguzia siku 5 hadi 9. Mwaka 2016 wengine wakaitazama dunia nzima, na hukumu yao ikawa kwamba katika mji wenye hewa ya wastani wa miji ya ulimwengu baisikeli ina faida hata mtu aendeshe kwa saa nyingi, ila mahali penye mikrogramu 100 madhara huanza kuzidi faida baada ya saa moja na nusu ya kuendesha kila siku. Ikumbuke namba hiyo, kisha irudie ile 98.1 ya katikati ya Nairobi, na urefu wa safari ya mtu wa Kayole kwenda na kurudi, ijapokuwa, kama nilivyokwisha kukiri, kipimo cha barabarani mchana na wastani wa mwaka wa mji mzima havifanani.

Lakini hesabu hizo zote zina nakisi moja ambayo sijaiona ikitajwa vya kutosha. Ndani yake, faida ya baisikeli hutokana na mazoezi, na faida ya mazoezi huwa kubwa kwa yule aliyekuwa hafanyi lolote, kisha hupungua kadiri mtu anavyozidi kuutaabisha mwili wake. Karani wa Amsterdam ashindaye kitini ana mengi ya kupata kutokana na nusu saa ya kukanyaga. Kibarua wa Lunga Lunga Road ashindaye akipakua magunia ya saruji hana haja ya daktari wa kumwambia aupe mwili wake harakati. Yeye faida ya mazoezi amekwisha kuipokea yote, na zaidi, kabla ya adhuhuri, wala baisikeli ya jioni haimwongezei siha ila kidogo, ilhali moshi wa jioni humwongezea moshi ule ule. Kwa hiyo mizani ya Uholanzi, ikiletwa Jogoo bila kurekebishwa, humfariji mtu asiye wake.

Na bado siwezi kumwambia aiache, kwa sababu akiiacha atapanda matatu, na matatu moja zaidi ni bomba moja zaidi. Ndiyo maana huona kichekesho kichungu katika mashauri ya magazetini yanayomtaka avae barakoa. Barakoa ya kitambaa huzuia mavumbi na jua, na chembe ndogo huipita; ile ya kitabibu iliyobana uso barabara huzuia kweli, ila hubana pumzi za apandaye mlima, hulowa jasho, na bei yake, kwa kuwa haifuliki, hurudisha ile nauli iliyokimbiwa. Mapafu ya watu wa Afrika ya Mashariki yalipookolewa huko nyuma hayakuokolewa kwa barakoa. Risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zetu kufikia mwaka 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupokea dizeli ambayo kiberiti chake hakizidi sehemu 50 katika milioni moja. Mambo hayo mawili yalipitishwa katika vyumba vya mikutano na watu wengi wao wasiopanda baisikeli, na siku yalipoanza kutumika hapakuwa na mlinzi hata mmoja aliyejua, wala hakuombwa awe jasiri au mwelevu au tajiri kidogo ili ayafaidi. Kilichobaki ni injini zenyewe. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane, jambo jema, ila gari likishaingia huishi kwa umri wa Nuhu, na dizeli safi ndani ya injini iliyochakaa hutoka moshi.

Katika yale ambayo mtu mmoja aweza kuyafanya, lenye nguvu kuliko yote ni lile la mita mia moja. Wako wapanda baisikeli waliokwisha kuligundua bila kusoma utafiti wowote, kwa sababu nyingine kabisa, kwamba wanayakimbia malori: hujipenyeza ndani ya mitaa ya Jericho na Buruburu, hupita nyuma ya maduka, wakatokeza barabara kuu pale tu pasipo na budi. Kwa kulikwepa lori wameukwepa na moshi, na hapa zile hofu mbili, ile iliyo na haki na ile iliyolala, huelekea njia moja. Taabu ni kwamba vijia hivyo havikujengwa kwa ajili yao. Huishia kwenye ukuta, au kwenye mfereji usio na daraja, au kwenye lango ambalo hufungwa saa tatu za usiku, saa ambazo zamu nyingine ndiyo kwanza inatoka. Barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ilitengewa njia za baisikeli, na mahali pengi njia hizo zimekaliwa na bodaboda na wachuuzi, ambao nao siwalaumu sana, maana hawakutengewa kitu. Kisha mwaka 2022 ikafunguliwa ile barabara ya juu itokayo Mlolongo hadi Westlands, ambayo mwenye baisikeli haruhusiwi kuikanyaga. Serikali ya kaunti ina sera yake ya waendao kwa miguu na baisikeli tangu mwaka 2015, na nchi imekuwa na kanuni za ubora wa hewa tangu mwaka 2014, na juu ya hizo zote kipo kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa maandishi hatuna upungufu.

Tunalopungukiwa ni kujua, mtaa kwa mtaa na saa kwa saa, na hapa narudi kwa mara ya mwisho katika ule uchunguzi wa mwaka 2009. Walipima pia kwenda juu. Chini mtaani, katikati ya mji, kipimo kilionyesha 119.5, na juu ya paa la ghorofa ya tatu, mahali pale pale, kilionyesha 42.8. Ni kawaida vipimo vya hewa kufungwa juu ya mapaa ya shule na ofisi, kwa sababu zinazoeleweka: umeme uko karibu na mwizi yuko mbali. Ila afisa asomaye namba hizo akadhani anasoma hewa ya wananchi, ajue ya kwamba anasoma hewa ya kunguru. Ombi langu kwa kaunti ni jepesi kwa wanaotumia mabilioni kwa lami. Wafunge vipimo kwenye nguzo za barabara ya Jogoo, za Outer Ring na za Lunga Lunga, kwa kimo cha mtu aliyeketi juu ya baisikeli, na kimoja ndani ya uchochoro wa nyuma kwa kulinganisha. Namba zisomwe redioni kwa Kiswahili saa kumi na moja za alfajiri, wakati watu wanapojaza upepo magurudumuni. Kisha wajenge madaraja ya mifereji na wafungue yale malango kwa kufuata namba hizo, wakianzia na lile ambalo hufungwa saa tatu.